Karatasi Hapana Kata

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala msumeno. Nilipewa sufuria nyeusi ya gundi nikaambiwa niketi kando ya jiko la makaa nikoroge, na isishike chini. Gundi ya wakati ule ilitoka kwa ngozi na kwato za ng'ombe, na harufu yake ikiingia kwenye shati haitoki, ufue usifue. Nilikoroga tangu asubuhi hadi watu wakaenda kula. Ndipo Fundi Mkuu akaja, akachovya kijiti, akakivuta juu, akatazama uzi wa gundi unavyoshuka.

"Wewe natoka wapi?"

"Upande wa Kakamega, Bwana."

"Najua soma?"

"Kidogo. Niliacha darasa la tatu."

"Kidogo mzuri. Mutu nasoma mingi nataka ofisi." Akarudisha kijiti kwenye sufuria. "Kesho kuja."

Basi nikawa nimeandikwa. Fundi Mkuu alikuwa Kalasinga wa kilemba cha buluu, mwenye karakana hapa Eldoret nyuma ya maghala ya mahindi, na kazi yake ilikuwa fremu za picha. Vijana huniuliza kama kweli hiyo ni kazi ya kumlisha mtu mzima. Mimi imenilisha, imenijengea nyumba Kimumu, na watoto wangu wote wamesoma kupita mimi. Asiyeamini aje aone nyumba.

Nitaeleza kazi yenyewe, maana siku hizi mnapiga picha kwa simu na haziendi ukutani. Mbao ya fremu inakatwa ndani ya kisanduku chenye mikato iliyolala, ili ncha mbili zikikutana kwenye pembe zisiache mwanya. Kioo kinakatwa kwa almasi, yaani kalamu yenye chembe ya jiwe gumu mwishoni. Unapiga mstari mara moja. Ukirudia juu yake umeharibu kioo, na Fundi Mkuu hatasema kitu, atakuangalia tu mpaka utamani angekutukana. Halafu kati ya kioo na picha kuna kadi nene iliyotobolewa katikati. Lile tobo tuliliita dirisha. Dirisha ndilo linaloamua mtu ataona nini. Picha inaweza kuwa kubwa kama meza, lakini ukikata dirisha dogo mwenye nyumba ataona pua tu, na atakufa akidhani alinunua pua.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria, na zile mbili kubwa nazisema hapa kwa sababu zimebadilisha maisha yangu. Ya kwanza: karatasi haikatwi. "Mbao kata. Kioo kata. Kadi kata. Karatasi hapana kata. Karatasi iko kazi ya mutu ingine." Picha ikiwa kubwa kuliko fremu, tengeneza fremu nyingine. Ya pili: kabla ya kufunga picha, mwenyewe anaitwa anaiona ikiwa wazi mezani, yote, na kingo zake. Anakubali, ndipo misumari inaingia na karatasi ya nyuma inabandikwa. Wateja walilalamika kwamba tunawapotezea wakati. Yeye aliwaambia waende kwa fundi mwingine, na fundi mwingine hakuwapo.

Nilipokwisha kujua kukata pembe, alinituma kufanya kazi na Bwana Dalali. Huo ulikuwa wakati wazungu wengi wanauza mashamba na kurudi kwao. Uhuru umekuja, watu wetu wanajikusanya vikundi vikundi kununua ardhi, na kila wiki kulikuwa na mnada uwanjani mbele ya nyumba fulani: plau, ng'ombe, viti, vitanda, hata mapazia. Bwana Dalali alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Kazi yangu ilikuwa kutoa picha ukutani bila kuvunja kioo na kuzipanga zikisimama. Picha hailazwi, ikilazwa kioo kinapasuka kwa uzito wake kwenye lori.

Huko ndiko nilikutana na picha za kejeli. Nilidhani wazungu wanatundika ukutani maua, farasi na mama zao. Lakini nyumba kadhaa, hasa za wale wa ukoo wa zamani, zilikuwa na picha za watu wenye matumbo makubwa, pua kama ndizi, meno nje. Niliporudi na moja karakana, Fundi Mkuu aliinua karatasi kwenye mwanga akanionyesha mstari uliobonyea pembeni pande zote.

"Hii iko alama ya bamba. Shaba. Nachora kwa sindano, naweka asidi nakula, halafu napaka wino, nabonyeza karatasi. Rangi naweka kwa mkono. Iko zamani sana. Babu ya babu ya babu."

"Na walikuwa wanamcheka nani?"

"Mfalme. Waziri. Padri. Kila mutu." Akanyoosha kidole chake kinene kwenye kona ya picha, ambapo mtu mdogo wa kilemba alikuwa amepiga magoti, amechorwa macho ya mbwa na ndevu za mbuzi. "Huyu iko ndugu yangu. Nafanyia yeye fremu mzuri."

Na alifanya. Mbao aliyotumia ilikuwa ile aliyoificha juu ya dari.

Baadaye nilielewa kwamba wenyeji wa Ulaya karne ile ya kumi na nane walizitundika picha hizo kwenye madirisha ya maduka, watu wakasimama barabarani wakamcheka mkubwa wao. Tulikuwa na Bwana Mkubwa mmoja, afisa wa serikali yetu mpya, aliyechukua nyumba ya mzungu pamoja na vilivyomo. Alileta picha moja irekebishwe: mtu mnene ameketi juu ya magunia, watu waliokonda wanamlisha kwa kijiko.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Wanasema ni mfalme wao, Bwana."

"Na aliyemchora, walimfunga?"

"Sijui, Bwana. Lakini ziliuzwa dukani."

Alicheka, kisha akaangalia mlango. "Tengeneza. Lakini isiletwe ofisini. Peleka nyumbani, chumba cha kulala." Sikuuliza sababu. Ofisini kwake, kama kila ofisi na kila duka la mji, palikuwa na picha moja tu ukutani, na fremu yake niliitengeneza mimi. Fremu za picha hiyo ndizo zilizotulisha miaka ile.

Sasa nimfikie Rebeka.

Rebeka alikuwa mwalimu wa shule ndogo upande wa Turbo. Alileta picha ya wanafunzi wake, akasimama pale mezani akasema dirisha nililokata limemfunika mtoto wa mwisho mstari wa nyuma. Nikamwambia mtoto huyo ni sikio tu. Akasema, "Ana mama. Mama yake atakuja kumtafuta kwenye picha." Nikakata upya. Aliporudi kuichukua nilikuwa nimevaa shati lisilonuka gundi, la kuazima. Baada ya hapo alikuwa na picha nyingi za kutengenezwa, hata za binamu ambao nadhani hawakuwa wazuri kiasi hicho cha kuwekewa fremu.

Mjomba wangu akaenda kwao kuongea. Baba yake, Mzee Zakayo, alikuwa amefanya kazi ya nyapara kwa mzungu miaka mingi, na sasa alikuwa mmoja wa waliojiunga wakanunua shamba. Alikuwa pia mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mhubiri anayesikika hadi barabarani. Alimpa mjomba chai na maziwa mengi, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kijana wako ni fundi, sina neno. Lakini ni mtu wa Roma. Akiacha rozari, arudi. Asipoacha, chai ndiyo hiyo, mmekunywa."

Mimi nilibatizwa Mkatoliki na mama yangu alizikwa Mkatoliki, rozari mkononi. Rozari sikuwa tayari kuacha. Rebeka pia sikuwa tayari kumwacha. Hapo ndipo mambo yalisimama, na yakaendelea kusimama mvua mbili.

Halafu Mzee Zakayo akaenda mnada kutafuta plau. Nilikuwa pale na Bwana Dalali, nimesimamisha picha zangu kwenye mstari. Bwana Dalali akainua moja: mtu mnene wa joho jekundu, kichwani taji la ngazi tatu, mashavu kama maboga, watu wamelala chini wanabusu kiatu chake, na shetani mwenye pembe anamnong'oneza sikioni. Mimi nilijua ni nani. Kila Mkatoliki angejua. Mzee Zakayo naye alijua, kwa sababu mkono wake ulipanda kabla Dalali hajamaliza kusema. Aliacha plau akarudi nyumbani na Baba Mtakatifu.

Waliokuwa kwake wananiambia aliitundika sebuleni, na kila mgeni aliambiwa: "Mnaona? Si mimi nimesema. Wazungu wenyewe walichora." Wa kanisa lake walicheka. Majirani zake Wakatoliki, ambao walinunua shamba pamoja naye, waliacha kuingia kwake. Rebeka alikuwa akitandika meza akiipa picha mgongo.

Kisha msumari ukang'oka, picha ikaanguka, kioo kikapasuka. Mzee Zakayo akaileta karakana. Hakujua nafanya kazi hapo mpaka aliponiona nikiweka chini almasi.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mzee."

"Utaweza kushika hii bila kuitoboa macho?"

"Mzee, mimi natoboa kadi. Macho ya watu siyatoboi."

Fundi Mkuu alicheka ndani ya ndevu. Mzee Zakayo akaacha picha akaenda zake.

Nilipoitazama karibu niliona kitu ambacho kwenye mnada sikukiona. Mkia wa shetani ulienda kulia, ukapita chini ya kadi, ambayo upande huo ilikuwa pana kupita kiasi, ukapotea. Mchoraji hamalizi mkia chini ya kadi. Nikang'oa misumari ya zamani, nikainua kadi. Karatasi ilikuwa mara mbili ya dirisha.

Nusu ya pili ilikuwa na mtu mwembamba wa nguo nyeusi, amesimama ndani ya pipa kama mimbari, nywele zimesimama, mdomo wazi unaweza kuingia mkate mzima, mate yanaruka. Chini yake waumini: mmoja analia, mmoja amelala, mmoja ameweka mkono mfukoni mwa jirani huku amefumba macho kwa sala. Shetani alikuwa mmoja tu katikati. Mdomo wake ulinong'oneza upande wa kushoto, na mkia wake ulifika kulia ukamtekenya mhubiri kwenye mbavu. Na kwa sababu nusu ile ilifunikwa miaka yote hiyo, jua halikuigusa. Joho la Baba Mtakatifu lilikuwa limepauka kama tofali la zamani, lakini uso wa yule mhubiri ulikuwa mwekundu kama nyanya ya leo.

Fundi Mkuu alikuja akasimama. "Mutu alifunika," akasema, "alikuwa wa kanisa hii." Akagusa pipa. Kisha akanitazama, maana habari ya Rebeka aliijua. "Wewe najua sheria."

Niliijua. Jioni ile nikaonana na Rebeka kituo cha mabasi nikamweleza. Hakucheka.

"Funika," akasema.

"Rebeka, sheria ya karakana ni mwenyewe aone yote."

"Aloisi, baba yangu anahubiri namna hiyo hiyo. Hata nywele. Ataona umemtengenezea wewe, umetafuta mahali umeitoa. Mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo atautia na kufuli." Akashika mkono wa shati langu. "Mimi nataka kuolewa. Sitaki tushinde mjadala."

Nilimwambia tu kwamba nikimficha baba yake nusu ya picha leo, nitaingia kwake kama mkwe nikiwa nimeficha kitu, na kila nikiketi sebuleni nitakuwa naangalia mahali kadi inapoishia. Alipanda basi bila kuniaga. Nilirudi nikalala kwenye vumbi la mbao, kwa kuwa sikutaka kwenda chumbani kwangu nikafikiri.

Mzee Zakayo alikuja na kofia mkononi. Picha ilikuwa mezani, wazi, kingo zote zikionekana. Alianza kushoto, akatabasamu. Macho yakaenda kulia, na tabasamu likabaki pale pale kama kitu kilichosahauliwa. Akainama. Alimtazama mhubiri, akamtazama aliyelala, akamtazama wa mfuko.

"Hii imetoka wapi?"

"Ilikuwa hapo, Mzee. Chini ya kadi."

"Mbona huyu ndiye amekolea rangi?"

"Kwa sababu alifichwa. Huyu mwingine amepigwa na jua."

Fundi Mkuu akaweka kadi mbili mezani. "Chagua, Mzee. Dirisha dogo kama zamani, ama dirisha kubwa. Yote naweza. Karatasi hapana kata."

Mzee akanigeukia mimi. "Wewe ungefanya nini?"

"Mimi ni fundi, Mzee. Nafanya anachotaka mwenye picha."

"Sijauliza fundi. Nimeuliza wewe, mtu wa Roma."

Nikaona potelea mbali. "Ningeitundika nzima. Jumapili mke wangu akitoka kanisani kwake na mimi nikitoka kwangu, kila mmoja akute mwenzake amechekwa, na yeye amechekwa, halafu tule."

"Mke wako," akasema polepole. "Una mke?"

"Bado, Mzee."

"Basi unamsema mke gani?"

Fundi Mkuu akaanza kukoroga gundi ambayo haikuwa na moto.

Mzee Zakayo akavaa kofia, akatoka, hakuchagua dirisha lolote. Picha ilibaki. Sheria ya karakana ni picha isiyochukuliwa inageuzwa uso ukutani, na hivyo ndivyo nilivyoigeuza. Nilikuwa nikiipita asubuhi na jioni. Rebeka hakuja. Nilianza kuamini kwamba nimechagua karatasi nikapoteza mtu, na Fundi Mkuu, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno ya kubembeleza, aliniletea chapati kutoka kwake akaziweka karibu na almasi yangu bila kusema ni za nani.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, dereva wa lori la mahindi kutoka Turbo akasimama mlangoni na ujumbe. "Mzee Zakayo anasema: dirisha kubwa. Na fundi alete mwenyewe, apigilie msumari mwenyewe, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa msumari wa kijinga."

Fundi Mkuu aliniongezea mbao ile ya juu ya dari.

Nilifika kwao na picha imefungwa blanketi, imesimama, haijalazwa. Mzee alinionyesha ukuta. Nikapigilia. Rebeka alisimama mlangoni na birika, macho yake kwenye mikono yangu. Majirani wawili Wakatoliki walikuwa wameketi pale, wamealikwa, wamekaa kwa wasiwasi kama watu wa kliniki. Mzee akavuta blanketi. Mmoja wa majirani akaangalia kulia, akamwangalia Zakayo, akaangalia kulia tena, akafunika mdomo.

"Cheka tu," Mzee Zakayo akamwambia. "Hata mke wangu amesema ni mimi. Na huyo aliyelala ni wewe, siku ile ulikuja kwa mazishi nikahubiri."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ndipo akasema bila kuniangalia, "Rebeka, mpe mtu wa Roma kiti. Anasimama kama fundi."

Harusi haikuwa rahisi. Padre alitaka hiki, mchungaji akataka kile, mjomba wangu alimaliza viatu vyake vyote akitembea huku na huku. Lakini tulioana. Mzee Zakayo alitupa picha ile pamoja na ndama. Kila Jumapili mimi na Rebeka tuliondoka nyumbani pamoja, tukaachana kwenye njia panda, tukakutana pale pale kurudi, na anayefika kwanza anamngoja mwenzake.

Baadaye Fundi Mkuu alifunga karakana akaenda kwa wanawe ng'ambo, akaniachia kisanduku cha kukatia pembe na almasi. Nikafungua karakana yangu Kimumu. Nimestaafu sasa, mkono unatetemeka, na almasi inataka mkono uliotulia. Vijana niliowafundisha wanakata vizuri, ingawa wana haraka. Wengine wanakata picha ili ikae kwenye fremu ya duka. Nikiwaona nawaambia, na hawapendi.

Mzee Zakayo aliishi sana. Kila alipokuja kwetu aliuliza, "Mnene wako anaendeleaje?" nami nikauliza, "Na mpiga kelele wako?" Mwishoni macho yake yaliisha kabisa. Rebeka alimwongoza hadi ukutani, naye akaweka kiganja juu ya kioo, kulia, halafu kushoto.

"Bado wako wote wawili?"

"Wako, Baba."

"Wangu bado amekolea?"

Nikatazama vizuri, kwa kuwa lilikuwa swali la kazi na linataka jibu la kazi. Dirisha la sebule yetu linapata jua la asubuhi. "Hapana, Baba. Wamepauka sawasawa."

Akacheka, akaacha kiganja pale muda mrefu, kama anayepima joto la mtoto.

"Mzuri," akasema, akiiga sauti ya Fundi Mkuu. "Hapana kata."